Ulalo wa Miale

Baba yangu alichimba dhahabu Geita karibu ujana wake wote, na duniani aliogopa kitu kimoja tu: mashine ya eksirei. Alipohamia kwangu Shinyanga na kikohozi chake, daktari aliandika apigwe picha ya kifua. Baba akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema miale inakausha damu. Kifua kinalia kama pampu mbovu, naye anabishana na mimi, mwalimu wa fizikia!

Nikachemka. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaninunia siku mbili. Hakuna mtu niliyempenda kama yeye, na niliona aibu kwa ulimi wangu.

Miezi hiyo nilikuwa nasomea shahada ya pili. Kazi yangu ilikuwa kusoma vipimo vya darubini iliyoko angani, inayopokea eksirei kutoka kwenye mabaki ya nyota zilizolipuka. Asubuhi ya tatu baba akavuta kiti, akaketi karibu na kompyuta yangu.

"Hizo nazo ni zilezile za hospitali?"

"Ni zilezile, baba."

"Mbona hazituui?"

"Hewa inazizuia huko juu. Ndiyo maana darubini ikapelekwa nje ya hewa."

Nikamwonyesha vijistari kwenye kioo. Kila mwale ukiingia kwenye gesi ya darubini hung'oa chembe ndogo, nayo huacha alama fupi. Alama moja haisemi kitu. Zikikusanywa nyingi, unaona zimeelekea upande gani zaidi, na hapo unajua mawimbi ya eksirei hizo yalikuwa yakitetemeka kwa upande gani na usumaku wa kule umelalaje. Nilijiandaa kurudia mara tatu, kama darasani.

"Kumbe ni ulalo," akasema. Akanieleza kwamba ndani ya duara, lile shimo la wachimbaji, huoni mwamba wote. Unamulika ukuta hapa, unamulika pale, unatazama mistari, mpaka ujue mkanda wa dhahabu umelalia wapi. "Ukiamini mstari mmoja, mayu, utachimba mpaka uzeeke." Mayu ni mama kwa Kisukuma, huniita hivyo akifurahi. Mimi jambo hilo lilinichukua muhula mzima kulielewa.

Kisha akaitoa ile karatasi mfukoni. "Kama mwanangu anakula ugali kwa eksirei, acha na mimi zinione."

Hospitalini mpiga picha alimwambia avute pumzi na kuibana. Baba akakohoa. Mara ya pili akakohoa tena, akaniangalia kama mtu anayeomba radhi. Nikaomba kuingia. Nikavishwa aproni nzito ya risasi, ya kuzuia miale, nikamshika bega, tukabana pumzi pamoja.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga. Vumbi la mawe limekaa kwenye mapafu yote mawili, alisema, na halitatoka; dawa zitapunguza kikohozi tu. Baba hakuwa anatazama alikoonyeshwa. Alikuwa anatazama pembeni, begani, palipokuwa na mifupa minne myembamba.

"Hii ya nani?"

"Vidole vyangu, baba. Nilikuwa nimekushika."

Daktari akarudi kwenye mapafu, akaanza kueleza upya, taratibu.

"Hayo nimeyasikia, daktari," baba akasema. "Niache kwanza nipatazame hapa."