Bwana Harusi Dukani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mimi hucheka kwanza, kisha huona uchungu. Ulikuwa mwezi wa Shaaban, siku ya tatu ya fungate yangu. Nyinyi wa leo mkishaoa kesho yake mko kazini, kwa hiyo ngoja nikueleze. Enzi zetu bwana na bibi harusi walitengewa chumba kwa wazazi wa binti, wakakaa humo siku saba. Hawapiki, hawafui, hawatumwi popote. Kazi yao ni kula, kunukia na kuzoeana. Aliyetutunza sisi ni Bi Kidawa, somo wa mke wangu Zuhura, yaani bibi aliyemfunda tangu alipovunja ungo. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na akikutazama unajikuta umekaa vizuri.

Balaa ni kwamba nyumba yenyewe ilikuwa Mchafukoge, na duka langu la vitambaa liko Kariakoo, pua na mdomo. Shaaban watu wanawahi kuozesha kabla ya Ramadhani, kila ukoo unataka sare. Duka nilimwachia mdogo wangu Salumu, naye alikuwa hodari kuliko mimi, lakini roho yangu haikutulia. Zuhura akinimenyea chungwa, mimi natega sikio kama gari la mzigo limefika. Akinisimulia jambo, naitikia "ehe" hata pasipostahili ehe.

Siku hiyo nikaaga kwamba naenda kuswali adhuhuri. Niliswali kweli, usinifikirie vibaya. Ila baada ya swala miguu haikurudi nyumbani. Niliingia dukani na kanzu yangu ya harusi, nanukia udi mtaa mzima, nikaanza kupima vitambaa. Salumu alitikisa kichwa, akanipisha. Wateja walinipa hongera, na mmoja akauliza kama bibi harusi naye yuko stoo. Nilicheka nao, nikauza mpaka alasiri ikanipita.

Kariakoo haina siri. Niliporudi, habari zilishatangulia. Bi Kidawa alikuwa ameweka kigoda mbele ya mlango wa chumba chetu, amekaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba taratibu mno, nikajua nimekwisha.

"Umeacha harusi yako," akasema, "ukaenda kuuza vitambaa vya harusi za watu."

Nikajitetea kwamba nahangaika kwa ajili ya Zuhura huyo huyo, kesho asije akapata shida.

"Kesho ina mwenyewe, baba. Zuhura wa leo yuko humo ndani analia. Ananiuliza kama umejuta kumwoa. Nimjibu nini?"

Mwanangu, yule ndiye msichana niliyemtaka mimi mwenyewe, niliyewasumbua wazee wangu wakaniposee. Nimempata, yuko mbele yangu, na mimi nimemwacha akidhani hatakiwi. Iliniuma sana. Nikamwomba bibi radhi, naye akasogeza kigoda nipite.

Zuhura alikuwa amejikunyata upande wa ukutani, macho mekundu. Pilau ya mchana ilikuwa palepale kwenye sinia, imepoa, haijaguswa. Sikutunga uongo. Nilimwambia sijajuta hata chembe, ila roho yangu haijui kukaa mahali.

"Basi ifundishe," akasema. "Mimi niko hapa."

Tukanawa, tukaila pilau ile ile ya baridi. Kisha nikamwomba anisimulie upya kisa ambacho jana yake nilikiitikia bila kukisikia. Kumbe kilikuwa kisa cha babu yake wa Kilwa, mtu mzima aliyeogopa jogoo. Tulicheka mpaka Bi Kidawa akagonga ukuta. Siku zilizobaki nilitoka kwa swala tu, na duka halikufa.

Zuhura ametangulia mbele ya haki. Wakati mwingine nikikaa peke yangu najaribu kuukumbuka mchana ule wa dukani, nani alinunua, nilipata nini. Sikumbuki hata kitambaa kimoja. Lakini namna alivyocheka jioni ile, naisikia mpaka sasa.

Mwanangu, mshika mbili moja humponyoka. Mimi ilinibidi nitoroke ili nifike dukani. Wewe duka unalo mfukoni, unakula na wenzako huku kidole kinasugua simu. Sikwambii usitafute. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mji huu haumlishi mvivu. Ninachokwambia ni kwamba ukiwa kazini uwe kazini, na ukikaa na mtu, kaa naye. Usiiambie furaha ikusubiri umalize shida, maana shida haziishi, na furaha ya leo hakuna anayekuwekea mpaka kesho.

Mungu akupe riziki ya halali, akupe na utulivu wa kuila ingali ya moto. Na kila anayekupenda akikuita, akukute upo.