Marashi ya Kwendea Ukweni

Benon wa Bwera alimfukuza mkewe Vasta mbele ya wageni, siku ya ubatizo wa mtoto wa kaka yake Fred, kwa kosa la kunuka samaki. Alimwinua kwenye mkeka alipokuwa ameketi na wanawake wenzake, akamwonyesha kwa kidole njia ya nyuma ya jiko, akamwambia aende kwa baba yake, kule Kyarumba, akae huko hadi harufu imtoke. Wageni walicheka. Walicheka huku wakitafuna samaki, na samaki hao Vasta ndiye aliyewaleta, akawakaanga, akawapakulia.

Vasta hakuzaliwa akinuka samaki. Alizaliwa milimani, kwa watu wa kahawa na maharage, ambako ngege, samaki wa ziwani, alikuwa chakula cha Krismasi. Biashara ya samaki aliifuata baada ya kuolewa, kwa sababu Benon wa siku zile alikuwa na suruali moja na maneno mengi. Akashuka hadi Kasenyi, akawazoea wavuvi wa Ziwa George pamoja na matusi yao, akajua kumtazama samaki jicho na kutambua kama ametoka majini asubuhi au ameshinda juani. Akawakausha kwa moshi, akawafunga, akawapakia kwenye bodaboda hadi soko la Bwera, ambako Wakongo huvuka mpaka na kununua bila kuuliza maswali ya wivu. Samaki ndio walioezeka nyumba mabati. Samaki ndio waliowasomesha watoto wao, Erisa na dada yake. Na samaki hao hao ndio waliomnunulia Benon meza na sanduku la kubadilishia pesa karibu na mpaka, akaacha kuitwa "wewe" akaanza kuitwa "bwana faranga."

Miaka yote hiyo Benon hakulalamika. Harufu ile ilikuwa ikiingia nyumbani pamoja na chakula, na pua ya mwenye njaa haina makuu.

Makuu yaliletwa na redio. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu, hata mchunga mbuzi, alikuwa na simu mkononi na anaweza kupiga redioni kutoa maoni. Jumamosi moja redio ya Kasese ikauliza: je, mwanamume apake marashi? Simu zikafurika. Mwinjilisti mmoja akasema marashi ni ya maiti na mwanamume mzima asijitayarishe kuzikwa mapema. Askari mstaafu akasema porini marashi ni kumpigia adui filimbi. Kisha ikaingia sauti ya kijana aliyejitambulisha kuwa ni mtaalamu wa mambo ya kisasa, akasema mwanamume asiyenukia hawezi kuaminiwa na pesa. Benon alikuwa ananyoa ndevu. Aliacha upande mmoja na povu lake, akasogea karibu na redio kama mtu anayesomewa urithi.

Siku ya soko akavuka mpaka, akarudi na chupa ya buluu yenye picha ya farasi na maneno ya Kifaransa ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeyaelewa. Kuanzia hapo alijipulizia shingoni, kwapani, katika kofia, ndani ya viatu na ndani ya sanduku la pesa. Kuoga alipunguza. Aliona ni kazi mbili kwa jambo moja. Noti zilizotoka mkononi mwake zilinukia hivi kwamba mama mmoja muuza unga alizirudisha, akaomba zile za kawaida zenye uchafu.

Kando ya Vasta sokoni alikaa Laurentine, Mkongo muuza mafuta ya mawese, mwanamke asiyejua kuficha neno.

"Mama Erisa," akasema, "bwana yako anapita hapa sasa hivi."

"Umemuona?"

"Sijamuona. Lakini batu beko nauliza kama mafuta yangu ni ya kupaka mufu."

"Muache. Anataka kuwa mutu mukubwa."

"Mutu mukubwa ananuka kazi yake. Bwana yangu iko wa mawese, ananuka mawese. Ule wako ni wa faranga. Faranga inanuka nini?"

"Mikono ya watu."

"Basi iko anaficha mikono ya batu," akasema Laurentine, akaendelea kupima mafuta.

Vasta alicheka, lakini neno hilo la harufu lilimkaa, kwa kuwa nyumbani Benon alikuwa ameanza kumkunjia pua kwa ajili ya samaki. Jioni alianza kujisugua kwa limau hadi machubuko ya miiba ya samaki yakawaka moto. Akabadilisha nguo kabla ya kuingia ndani. Benon hata hivyo alikuwa akifungua dirisha kila mkewe alipoingia, polepole, kama anayemfungulia mgonjwa. Akahamishia godoro lake chumba cha mbele. Alisema ni kwa ajili ya kulinda mlango.

Vasta akaenda kwa Abdunoor, aliyekuwa akiuza uturi na kanzu karibu na msikiti, kumuuliza kama kweli kuna dini au sheria inayomtaka mwanamume anukie. Abdunoor mwenyewe alinukia vizuri kila siku, na hakuna aliyewahi kukohoa mbele yake.

"Kwetu ni sunna, dada yangu," alijibu. "Mwanamume apake. Lakini inaanza na maji. Unaoga, unavaa nguo safi, halafu tone moja nyuma ya sikio. Unapaka ili yule anayesali kando yako asiudhike. Sasa mzee wako anapaka ili watu waudhike."

"Anasema mimi ndiyo ninamuudhi."

"Leo umekuja na ngege?"

"Iko."

"Nipe mbili kubwa. Mimi nikirudi nanukia uturi bila samaki, mke wangu Shakirah atanifungia nje." Akawafunga samaki, akawatia katika mfuko ule ule wa vichupa vyake, wala mbingu hazikuanguka.

Kwa hiyo Vasta alijua kosa si la marashi. Haikumsaidia. Wiki iliyofuata ndipo ukafika ule ubatizo.

Kwa watu wa milimani mke aliyerudishwa kwao hajaachwa bado. Amewekwa rafuni. Ni lazima mume amfuate na watu wake, asimame mbele ya baba mkwe, alitaje kosa. Wazee wakilikubali kosa, mwanamke anabaki alipo, na nyumba aliyoiacha si yake tena, hata kama mabati aliyabeba yeye. Wakilikataa, mume analirudisha neno lake mbele ya watu waliolisikia, anatoa mbuzi, wanarudi nyumbani. Vasta alikuwa akingoja hilo. Hakuhitaji mbuzi. Alichotaka ni neno lirudi lilikotoka, kwa sababu njia zote za Kyarumba zilikuwa zimekwisha kupata habari, na wanawake waliopishana naye wamebeba mikungu ya ndizi kichwani walikuwa wakipunguza mwendo ili wavute pumzi na kuhakikisha.

Benon alichelewa, kisha akaja. Alikuja na Fred na mjomba wao Nasani, mzee mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula kupoa. Ilikuwa baada ya kahawa kutoa maua, na mizinga ya mzee Kosiya, baba yake Vasta, ilikuwa imejaa. Mzee Kosiya alikuwa mfuga nyuki. Magogo yake yaliyotobolewa yalining'inia migombani na mengine chini ya paa la nyumba. Nyuki hao waliwavumilia wageni kwa sharti moja. Mlangoni mwa boma palikuwa na moto mdogo wa majani mabichi, na kila aliyeingia alisimama penye moshi hadi nguo zake zilingane na za wenyeji. Aliyekuja na harufu ya sabuni ya duka alisimama zaidi.

Nasani akasimama, akakohoa, akapita. Fred akasimama, akapita. Benon akaukwepa moto kwa upande wa pili, amefunika koti lake kwa mikono.

"Mukwe," mzee Kosiya akamwita, "pita kwa moshi kidogo."

"Muzee, leo nimekuja kwa maneno, sikukuja kwa asali."

"Hata mchungaji ilipita hapo na kanzu yake."

"Mchungaji hakupaka kitu ya bei. Hii moshi itaiharibu."

Mzee Kosiya akauchochea moto. Mkwe halazimishwi. "Basi kaa huko chini, mbali na nyumba," akasema, akamwonyesha gogo lililokuwa karibu na shimo la takataka.

Lakini Benon hakuwa mtu wa kukaa kwenye gogo. Palikuwa na kiti kimoja chenye mgongo, kimewekwa chini ya paa, na juu yake unaning'inia mzinga. Akakikalia hicho, akakunja miguu ili viatu vionekane.

Vasta alikuwa jikoni tangu asubuhi, kwa sababu hata mtu anayekuja kukushtaki hulishwa. Kutoka huko aliyasikia yote. Wazee walianza na salamu, wakahamia mvua, wakahamia bei ya kahawa, na kabla ya kufika kwa Vasta wakakwama kwenye lile swali la redioni. Mmoja akasema baba yake alipaka samli na akazaa watoto wengi. Mwingine akasema samli ni chakula na hakuna ubaya mtu kunuka chakula. Nasani akasema, kwa upole, kwamba kama samli ni chakula, samaki naye ni chakula. Moyo wa Vasta ukapanda, akaacha kukoroga ugali ili asikie vizuri.

"Mukwe wetu," mzee Kosiya akasema, "simama. Kosa la mutoto wangu ni nini?"

Benon akasimama. Akajinyoosha koti. Kisha, kwa sababu jambo lilikuwa zito na jua lilikuwa limempunguzia utamu, akaitoa ile chupa ya buluu mfukoni, akajipulizia shingo upande huu na upande ule mbele ya wakwe zake.

"Muzee," akaanza, "bibi yangu ni mutu wa kazi, sikatai. Lakini mwanamume wa siku hizi..."

Nyuki wa kwanza akatua kwenye kola. Mtoto wa Kyarumba angetulia amwache aondoke. Benon alimpiga kibao. Nyuki aliyepigwa kibao hafi peke yake, huwaita ndugu, na ndugu walikuwa juu ya kichwa chake. Walimwacha Nasani, wakamwacha Fred, wakawaacha wazee wote waliokuwa wamejikunyata na kuganda kama mizizi. Walimfuata yeye tu, na kadiri alivyokimbia akitoka jasho ndivyo alivyonukia. Mwanamume wa siku hizi alizunguka nyumba ya mkwewe huku koti limemfunika kichwa, akimwita mama yake.

Vasta alitoka jikoni. Hakufikiri. Alivua kitenge chake cha juu, kilichokaa katika moshi na samaki kwa mwaka mzima, akamfunika nacho Benon mwili mzima, akamsukuma ndani hadi penye mafiga, akatia majani mabichi motoni. Moshi ukajaa. Nyuki wakakata tamaa. Benon alikaa pale chini ameinamisha kichwa, akivuta pumzi ndani ya kile kitenge kwa nguvu, tena na tena, wala hakufungua dirisha.

Walipomtoa, uso wake ulikuwa umevimba hata Fred akageuka pembeni.

"Shemeji," Fred akamwambia Vasta, akijikaza asicheke, "sasa mumelingana."

"Nyuki imekata kesi," Nasani akasema. "Mama Erisa, funga vitu yako twende nyumbani. Jambo limekwisha."

Wazee wakakubali kwa vichwa. Waliona njaa, na ugali ulikuwa tayari.

"Nyuki ilisema nini?" Vasta akauliza.

"Haya, mama. Wewe uliona."

"Niliona. Nauliza ilisema nini. Mimi sikufukuzwa na nyuki. Yule aliyenifukuza alikuwa na mudomo. Aseme."

Wote wakamtazama Benon. Benon akagusa midomo yake, iliyokuwa imekuwa mikubwa kama ndizi za kuchoma, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba haisemi. Ikaamuliwa kwamba atarudi kusema midomo itakapopona. Wakala, wakashuka mlima, Benon akiwa katikati yao kama mtu anayepelekwa hospitali.

Midomo ilipona. Laurentine alileta habari hiyo mwenyewe hadi Kasese, ambako Vasta sasa alikuwa ameweka meza yake ya samaki. Alisema bwana faranga anapiga kelele za bei mpakani asubuhi hadi jioni, sauti haina kasoro, na bado ananukia, ingawa sasa amepunguza na anaoga. Benon ametuma watu. Ametuma sabuni ya waridi kupitia mwenye bodaboda. Ametuma salamu kwamba nyumba ina baridi. Vasta aliirudisha sabuni kwa bodaboda ile ile. Watu wamemwita mgumu, wamesema mwanaume ameumwa vya kutosha, anataka nini tena. Waliosema hivyo hakuna hata mmoja aliyewahi kuinuliwa kwenye mkeka.

Mabati ya Bwera yako palepale na Benon analala chini yake. Benon anadaiwa neno. Alitamka moja mbele ya wageni wa ubatizo, na lingine la kulifuta bado limo mdomoni mwake. Fred, aliyekuwa mwenye sherehe siku ile na akacheka pamoja na wenzake, anadaiwa kuwaita watu wale wale wakae tena, walisikie.