Mapovu ya Mzee Nasibu

Saa moja asubuhi, Clémentine Kabuya amesimama mlangoni mwa wodi ya hospitali ya Kamina, mikono kiunoni, na hakuna anayepita bila kukohoa kwanza. Ukikohoa kikavu, karibu. Mwenye kifua kinachokoroma anarudi kwake, awe shemeji au shehe.

"Hata gavana akija na mafua, atasalimia kwa dirisha," anasema muuguzi huyu wa miaka hamsini na miwili.

Anayelindwa hivyo ni Nasibu Ismaeli, muuza vitenge. Siku nane zilizopita alianguka dukani kwake, kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia. Kichwa kimeanza kurudi. Hofu sasa ni kifua.

Mwaka jana, 1998, wodi hii ilipokea wagonjwa kumi na mmoja wa kiharusi. Saba walikufa. Watano kati yao, na Clémentine anakumbuka majina yote, waliuawa na homa ya mapafu wakati ulimi umeshaanza kufunguka.

Daktari Cyprien alimweleza sababu kwa lugha ya vita, maana ndiyo inayoeleweka siku hizi. "Ubongo ukipigwa, kinga ya mwili mzima inalegea, wiki nzima au zaidi. Ni kama askari waliosikia kamanda ameanguka: bunduki wanazo, ila wamekaa chini."

Na dawa? Tangu vita vianze, treni ya Lubumbashi huja ikipenda. Kabatini hakuna hata chupa moja ya penisilini. Clémentine mwenyewe hajauona mshahara miezi tisa. Anakula samaki wakavu wa Kinkondja wanaoletwa na familia za wagonjwa. Shida anaijua. Mwaka 1992 alifukuzwa Likasi pamoja na Wakasai wenzake, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai. "Treni iliishia Kamina, na miye nikaishia nayo."

Fadhila, mke wa mgonjwa, anaingia na bakuli la uji, tayari kumnywesha mumewe alivyolala.

"Mama Fadhila, weye unataka kuwa mujane?"

"Bwana yangu iko na njaa, mama."

"Njo maana tunamukalisha kwanza. Uji ya mutu mwenye kulala inaenda kwa mapafu."

Wanamkalisha. Vijiko sita, polepole, kisha kinywa kinasafishwa. Ndipo Clémentine anatoa silaha yake: chupa ya mafuta ya kupikia, maji nusu, na mrija mwembamba wa mpira ndani. Mzee apulize, kifua kifunguke.

Siku tatu amepuliza, chupa kimya. Jana joto lilipanda hadi karibu nyuzi thelathini na nane, na Fadhila hakulala.

"Baba Nasibu, sauti yako ya sokoni ilikuwa inafika mpaka ku gare ya treni. Leo chupa inakushinda?"

Mdomo uliopinda unakaza. Povu moja. La pili. Halafu maji yanachemka bila moto, na wodi nzima inapiga makofi. Kipimajoto: thelathini na saba kasoro. Clémentine anakisoma mara mbili, kisha anampa Fadhila naye ajisomee.

Wodi ina vitanda kumi, chupa tatu. "Nataka kila kitanda na chupa yake, na kila bibi ajue kukalisha bwana yake mbele ya kumulisha." Fadhila ameshaahidi chupa saba za jikoni kwake na kwa majirani.

Kitandani, mzee anageuza kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, neno linatoka zima.

"Bukari." Mzee amechoka na uji, anataka ugali.

"Bukari itakuja, baba," anajibu Clémentine, akimrudishia mpira mdomoni. "Puliza kwanza."