Kibao Kilichogoma Kung'aa

Jamani, hadi leo nikiona tochi natamani kukimbia. Karakana yetu hapa Uyole inatengeneza alama za barabarani. Nilikuwa na karatasi mbili nyekundu za kubandika: moja inang'aa ikipigwa na taa za gari, nyingine ni ya urembo tu. Mchana zinafanana. Niliyoamini ndiyo yenyewe nikaibandika kwenye kibao cha kona kali. Nyingine nikajirembea koti langu la kazi mgongoni.

Akaja mkaguzi wa viwango kutoka Iringa. Akafunga mlango na madirisha, akawasha tochi. Kibao giza tupu! Akilini nikayaona malori yakitumbukia korongoni. Nikageuka, nikanyatia mlango.

"Mama," mkaguzi akamwambia bosi wangu, "kibao chako kimefeli. Aliyefaulu ni huyu anayetoroka, mgongo unawaka."