Mistari Aliyoifuta Hatulii

Kwenye kituo cha kusafisha maji, mwandishi wa programu waliyemwita Hatulii alikuwa amesimama mbele ya kompyuta tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kiti kipo. Jina hilo alipewa na mafundi wa pampu, na sidhani walimwonea: mwanamke huyo hata chai aliinywa akitembea.

Siku hiyo alikuwa na sababu ya kuhangaika. Pampu ya dawa, inayotia klorini kwenye maji, ilikufa juzi, na mpya ikafungwa jana. Programu ya kuiendesha aliiandika kwa lugha ya C kwenye kompyuta yake ya kisasa, ikakubali bila kinyongo. Lakini inayoziamuru pampu ni mashine kuukuu ya Unix, iliyowekwa pale yeye akiwa bado ananyonya, ambayo wote huiita Bibi. Bila kupita kwenye kompaila ya Bibi, ile inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine, programu haina kazi. Mji ulikuwa mkavu siku ya pili, na Hatulii aliahidi maji saa nne.

Bibi alimrudishia makosa mia moja na arobaini. Maelezo yaliyotanguliwa na alama mbili za mkwaju, //, Bibi hayajui kabisa. Hatulii akayabadilisha yote. Kitu kipya kikitambulishwa katikati ya hatua za kazi, badala ya mwanzoni, hataki. Akavipandisha vyote juu. Akafunga nywele, akazifungua, akazifunga tena. Yakabaki makosa ishirini, yote yakilalamikia mistari ya utangulizi, inayoiambia kompaila mapema kwamba hesabu fulani itajibu kwa namba ya aina gani. Saa tatu na nusu ilifika. Msimamizi wa zamu, mzee mpole ambaye upole wake ulikuwa ukingoni, alichungulia mlangoni kwa mara ya tano.

Hapo Hatulii akafanya kosa la watu wa kazi yake. Mistari ile hakuirekebisha, aliifuta. Bibi akanyamaza, hakuna kosa hata moja.

"Tayari, mzee. Imekubali," alisema.

Msimamizi akashika simu kuwaambia watu wa mabomba wajiandae kufungulia. Hatulii alipaswa kufurahi, lakini alikitilia shaka kimya hicho. Hata mimi, mtu akinigombeza asubuhi nzima kisha ghafla akakubali kila kitu, ningeogopa. Akamfuata msimamizi koridoni, akamwomba wajaribu kwanza kwenye ndoo. Ndiyo desturi ya kituo, lakini pampu ilishajaribiwa jana kwa mkono, na mzee hakuona haja ya kurudia.

"Ndoo moja tu, baba," alimsihi. "Nakuomba."

Fundi wa pampu akauchomoa mpira wake, akautia kwenye ndoo. Dawa iliyotakiwa kudondoka tone moja moja ilibubujika, ndoo ikajaa na kumwagika, fundi akaizima pampu, na wote watatu wakatoka nje wakikohoa, macho yakiwawasha. Hewa ilipotulia, baada ya saa nzima, wakarudi ndani; kwenye skrini, kipimo kilichotakiwa kuwa moja na nusu kilisomeka zaidi ya bilioni moja.

Hatulii akaketi sakafuni. Alielewa palepale. Bibi asipoambiwa mapema, hudhani kila hesabu hujibu kwa namba nzima. Alipewa jibu lenye desimali, akalisoma anavyojua yeye. Suluhisho lilikuwa kuirudisha mistari ile kwa mtindo wa zamani, mabano yake yakiwa matupu kwa kuwa Bibi hataki kitu ndani yake, na kazi hiyo haikuzidi nusu saa. Wakajaza ndoo nyingine, mara hii taratibu.

Maji yalifunguliwa saa sita. Msimamizi akafungua daftari la zamu, mahali pa kuandika sababu ya kuchelewa.

"Naandika mashine imezeeka," alisema. "Hilo kila mtu analijua."

Ingepita. Hatulii alitamani sana ipite, maana daftari hilo husomwa na wakubwa.

"Hapana, baba. Andika nilifuta mistari iliyonisumbua, nikakwambia tayari."

Mzee akaandika vilevile alivyoambiwa. Hakufunga daftari. Chini yake aliongeza mstari mwingine, akatia jina lake mwenyewe: msimamizi alitaka kufungulia bila ndoo.