Sufuria ya Mkawasi

Kwetu huku chini ya mlima Sagalla, mgeni hakuwahi kuondoka kwa Mkawasi na njaa. Hata waomba kura walijua: ukitaka kula ukashiba, pitia kwake akiwa anaponda kimanga, yaani mihogo na maharagwe, mpaka yakashikana. Alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, lakini mkono wake haukujua kufumba.

Ndiyo maana Righa alimfuata yeye. Righa ni mwenyekiti wa kamati ya wanyama, cheo alichojivisha mwenyewe pamoja na kofia yenye picha ya ndovu. Shamba hana, mkewe hununua unga dukani. Ndovu akipita kwake atakula nini, viti vya plastiki?

Wiki ile ndovu walikuwa wametoka mbugani wakaingia kwa Mkawasi, mahindi yakiwa yamekomaa, wakala mpaka asubuhi. Hawakumbakishia hata boga. Chakula chake cha mwaka mzima kiliisha hivyo.

"Mama, wageni wa shirika la wanyama wanakuja Alhamisi," Righa alimwambia. "Wanataka kusikia faida za wanyama kutoka kwa mwananchi wa kawaida. Na wakila kwako, basi tena, tumewamaliza."

"Faida gani, baba?"

"Si lile darasa walilotujengea?"

"Lile lenye ndovu ukutani na watoto sakafuni?"

"Wewe nawe! Na kazi je? Mpwa wangu si ameajiriwa getini?"

"Hongera zake. Basi mwambie afunge hilo geti, maana ndovu wanapita bila kupiga hodi." Kisha akatazama shamba lake. "Haya, walete. Nitawaandalia nilichonacho."

Righa akaondoka akipiga mluzi, mjinga yule.

Alhamisi Mkawasi alitandika meza katikati ya shamba, juu ya mabua yaliyolala. Kitambaa cheupe, sahani za harusi yake, maji ya kunawa. Sisi majirani tulisimama pembeni. Wageni walipiga picha nyayo za ndovu, wanachekelea kama wameonyeshwa mtoto mchanga. Righa akahutubia: wanyama ni urithi, wanyama ni maendeleo, wanyama ni hiki na kile. Sijawahi kumsikia mtu akisema upuuzi mwingi hivyo huku amekanyaga mahindi ya mwenzake.

Mkawasi akaleta sufuria, akaitua mbele yao, akafunua. Ndani mlikuwa na bonge la mavi ya ndovu, limejaa punje za mahindi, nzima nzima.

"Karibuni," alisema. "Mavuno yangu ndiyo hayo. Anayejua kuna faida humu atie mkono aitafute."

"Mama, unatuaibisha!" Righa alifoka.

"Anza wewe, mwenyekiti. Si umeshanawa?"

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wageni hawakuhitaji mkalimani. Walirudi garini bila kuaga. Righa alikimbia nyumba hadi nyumba akiomba angalau chai ya kuwabembelezea. Hakuna aliyewasha jiko.

Jioni nilimpelekea Mkawasi bakuli la unga, nikitaka tucheke tena. Nilimkuta amekaa kando ya ile sufuria, keshaisugua mpaka inang'aa, analia.

"Mahindi nimeshayalilia, mwanangu," aliniambia. "Leo watu wametoka kwangu na njaa. Tangu niolewe halijanipata hilo. Na heshima hiyo nayo ndovu wameila."