Msimu Baba Alipohamia kwa Koko

Huku Japani maua hutangazwa kwenye televisheni kama mechi ya mpira. Sikutanii. Baridi ikianza kulegea, msichana mwenye suti anasimama mbele ya ramani na kueleza, uso mzito kama anatoa tanzia, kwamba maua ya mcheri yamefika mji fulani, kesho yatavuka mlima, Jumamosi yatakuwa mlangoni kwetu. Taifa zima linashusha pumzi. Na yakifika, nchi inasimama. Watu ambao mwaka mzima hawajui hata mbingu ina rangi gani, maana wanatoka kazini popo wakirudi kulala, wanatandika mikeka ya plastiki ya buluu chini ya miti, wanavua viatu na kuvipanga kama mlangoni pa msikiti, wanakula wali wa kunata huku wakitazama juu.

Juzi binti yangu alitupeleka. Yeye ndiye aliyenileta huku. Alisoma, akapata kazi, akaolewa na Mjapani mpole ajabu, wakanitumia tiketi nije kumlea mjukuu, kwa sababu huku mwanamke akijifungua hakuna mashangazi mia wa kumpokea mtoto. Kuna foleni ya kituo cha kulelea watoto. Jengo letu ni adabu tupu, ghorofa juu ya ghorofa. Jirani wa mlango wa pili akiniona huinama chini kabisa mpaka nauhurumia mgongo wake, kisha anafunga mlango taratibu usilie.

Basi tukakaa mkekani, mkwe akanimiminia chai kwa mikono miwili, majani meupe ya maua yakaanza kudondoka. Mimi nikafanya ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya: nikavuta pumzi kwa nguvu zote, pua wazi kama lango la bandari. Nikapata hewa. Maua yote yale, harufu hakuna!

"Mama, haya ni ya kutazama," binti akaninong'oneza.

Ya kutazama! Nilicheka mpaka chai ikaingia puani, na kicheko kilipoisha nikajikuta niko Mutsamudu, kisiwani Nzwani, mtoto wa kike mwenye magoti yenye makovu, na kikapu kichwani.

Kwetu Komoro hakuna majira ya kuchipua. Kuna mvua, na kuna kungojea mvua. Lakini palikuwa na msimu wa langilangi, ua la kutengenezea manukato. Sijui nikuelezee vipi harufu ile. Ilishuka kutoka mashamba ya juu ya mji alfajiri, ikapita madirishani, ikaingia kwenye maziwa, kwenye shuka, kwenye daftari za hesabu. Mwenye mafua alipona. Jogoo walipiga chafya badala ya kuwika.

Msimu ninaousema ni wa kwanza baada ya mamluki wa kizungu kuja kuipindua serikali. Sisi tulikuwa tumerudi kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, si muda mrefu, katika lile kundi la Wakomoro waliopakiwa ndegeni baada ya vurugu za kule, kila familia na furushi lake. Tulitua Moroni, kisiwa kingine kabisa na Nzwani. Baba, ambaye ni mtu wa Ntsoudjini, pale kaskazini ya mji, alitupatia chumba kimoja Badjanani, nyuma ya msikiti wa zamani wa Ijumaa, kwenye kichochoro ambacho wanene wawili hawawezi kupishana bila kuwa ndugu. Baba alikuwa fundi cherehani. Kichwa cha cherehani ndicho kitu pekee alichokiokoa Majunga, na mle chumbani kililala mahali pazuri kuliko sisi wanawe.

Nje, wazungu wenye bereti walipita na magari ya wazi. Sisi watoto wa kichochoro tuliapa kwamba wanalala macho wazi na kukoroga baruti kwenye kahawa. Mama hakuwa na habari nao. Mama alikuwa na vita vyake mwenyewe.

Ujue kwamba kwetu mwanamke haendi kwa mume. Nyumba ni ya binti. Anajengewa na wazazi wake tangu bado anacheza mdako, na siku ya harusi mume ndiye anayefungasha vyake na kuhamia. Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa amemjengea mama ghorofa ya juu pale mtaa wa Hombo, Mutsamudu, chini ya hospitali, vyumba viwili na roshani. Baba akafunga ndoa ya harakaharaka, akasema anakwenda kwanza Majunga kutafuta, kisha atarudi kuingia nyumbani kwa heshima zote. Hakurudi. Na mama, badala ya kumngoja, akamfuata. Akamfuata mume! Mutsamudu nzima ilishika kichwa. Koko akafunga mlango wa juu, ufunguo akautia kwenye pindo la shiromani yake, ile nguo ndefu wanayojitanda wanawake wa Nzwani, na tangu siku hiyo hakusema na mama hata neno moja.

Mama alitaka kitu kimoja tu: kurudi nyumbani. Msimu ulipofika na mikono ya kuchuma ikatafutwa, alinipeleka bandarini Moroni, akanikabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa akivuka kwenda Nzwani, akanishika masikio yote mawili.

"Mwambie koko nataka kurudi. Lakini usimwambie ukifika tu. Ngoja kwanza acheke."

Ningengoja mpaka leo. Koko hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, liwa ya msandali usoni toka asubuhi mpaka jioni, na ndiye aliyeongoza kundi la wachumaji. Alinipokea bila swali, akanilaza kitanda chake, akanilisha mataba, majani ya mhogo yaliyopondwa na kupikwa kwa nazi, mpaka nikahema kama samaki. "Wewe ni wa nyumba hii," aliniambia. "Mwingine simjui." Lakini kila Ijumaa, kabla ya sala, nilimsikia juu ya kichwa changu akifagia vile vyumba viwili vya huyo asiyemjua.

Tuliondoka gizagiza la alfajiri, tukachuma jua lisijapanda, kwa sababu langilangi likipigwa na jua linatoa roho yake angani na wewe unabaki na nyasi. Miti yenyewe hukatwa na kupindwa ibaki mifupi, imejikunja kama wazee wenye kuumwa kiuno. Unachuma ua la manjano lenye wekundu moyoni. La kijani unaliacha. Ukilichuma, koko alilinusa kwenye kikapu chako akiwa kilima cha pili. Kisha mbio hadi kwenye pipa kubwa la shaba la kuchemshia maua yatoe mafuta. Na pipa lile haliwashwi likiwa nusu. Lijae, au maua yote yaoze.

Ujumbe wa mama niliutoa siku moja wakati wa kula, maana nilichoka kungoja kicheko. Koko akaniongezea mataba.

Sasa, mwaka ule watu walikuwa na kiu ya harusi. Serikali iliyopita ilikuwa imepiga marufuku harusi kubwa, na mamluki walipoiangusha, kila familia iliyokuwa imeahirisha ilitoa ngoma zake siku moja. Mji haukulala. Wachumaji wa koko wakaanza kupotea mmoja mmoja: huyu ana harusi ya binamu, yule ana harusi ya jirani wa binamu. Ikafika asubuhi tukabaki mimi, koko na vikongwe wachache, shamba limeiva lote, mwenye pipa ametuma mtu kuuliza kama awashe moto au aache.

Asubuhi hiyohiyo mama alishuka kutoka Moroni kunichukua, shule zilikuwa zinafunguliwa. Hakuja nyumbani. Aliuliza njiani tuko wapi, akapanda moja kwa moja shambani, akafunga kibwebwe, akaingia mstari wa miti uliofuatana na wa koko, akaanza kuchuma. Hakusalimu. Nakuambia, mikono yake ilikwenda kama mashine ya baba. Vikongwe walisimama midomo wazi. Koko hakugeuza shingo. Walichuma hivyo sambamba, mti kwa mti, kimya, mpaka jua likachungulia.

Ndipo koko akasema, macho bado kwenye tawi lake:

"Hilo bichi."

Neno la kwanza tangu kabla sijazaliwa.

Mama akaliinua ua. "Si bichi. Tazama moyo wake."

"Naona moyo. Bichi."

"Mama, ni jekundu!"

"Huko Majunga labda ndiyo mnaita jekundu."

"Majunga langilangi nilichuma wapi mimi? Haya umenifundisha wewe!"

"Basi nilikufundisha vibaya. Litoe."

"Silitoi."

Walibishana kuteremka kilima chote, vikapu kichwani, sauti zao zikiwatangulia. Walibishana mbele ya mwenye pipa, ambaye alikabidhiwa lile ua aamue na, kwa kuwa alikuwa na akili, akalitumbukiza kwenye pipa bila kulitazama. Pipa likajaa. Moto ukawaka. Na tulipofika Hombo koko alifungua pindo la shiromani, akampa mama ufunguo huku akimwambia kwamba hata kikapu amekibeba upande.

Lakini kwa baba alitoa sharti: aingie kama wanavyoingia wanaume. Hata kama ana watoto wanne.

Kwa hiyo baada ya wiki kadhaa bwana harusi wetu alishuka gatini Mutsamudu, kanzu nyeupe, godoro kichwani kwa mpagazi, na kichwa cha cherehani begani kimeviringishwa kwenye leso. Mamluki mmoja aliyekuwa akizurura gatini akaliona furushi lile, refu, zito, lina mdomo wa chuma, akamwamuru asimame na alifungue. Baba akaanza kuhangaika na fundo. Sisi watoto tukarudi nyuma hatua. Fundo halikufunguka. Ndipo wanawake wa Hombo, waliokuja kumpokea wakiwa na matari na hawajaona kinachoendelea, wakapiga vigelegele vyote kwa pamoja. Yule mzungu aliruka kama paka aliyekanyagwa mkia! Leso ikafunguka, cherehani ikachomoza, na yeye akabaki anaitazama kama mtoto aliyenyang'anywa biskuti. Akatupungia tupite.

Njia nzima walimtania.

"Bwana harusi, mbona mvi zimekuotea njiani?"

"Watoto wanne! Huyu kala karamu kabla ya mwaliko!"

Koko alikuwa amesimama mlangoni, liwa mbichi usoni.

"Umechelewa," alimwambia.

"Nimechelewa, mama. Bahari ilikuwa chafu."

"Miaka yote hiyo?"

Na hapo, mbele ya mji mzima, koko akacheka. Nilitaka kumkimbilia mama kumwambia, lakini mama alikuwa akicheka pia, ameshika ukuta.

Tuliishi juu, koko chini, na amani haikupatikana tena. Walibishana juu ya chumvi, juu ya mvua itanyesha lini, juu ya mimi nisuke nywele mtindo gani. Kila msimu walichuma mistari inayopakana, na kila msimu palikuwa na ua la kubishania. Koko alipofariki, matanga yakaisha, mama alipanda shambani asubuhi moja. Alirudi jua halijatoka, kikapu nusu. Nikamuuliza kulikoni.

"Kimya sana kule," akasema. Hakwenda tena.

Siku hizi miti mingi imekatwa, pipa la shaba sijui liliishia wapi, na harusi wanazimaliza kwa spika kubwa kuliko nyumba. Ghorofa ile, kwa desturi, ni ya binti yangu sasa. Nimemweleza mkwe kwamba kwa haki yeye ndiye anayepaswa kuhama. Aliinama, akasema ataulizia likizo kazini.

Jana binti alipika wali wa nazi. Nikauonja, nikamwambia, kwa sauti ya koko kabisa, kwamba tui ni jepesi. Halikuwa jepesi, lilikuwa zito, zuri, kama la mama yangu. Nikakaa sawa kitini, nimejiandaa kubishana.

"Samahani, mama," akasema, akaiondoa sahani mbele yangu, taratibu, isilie.